Dada wa Rubani

Wanaume wengi wa Mikindani waliovuka miaka arobaini na tano walijifunza kutongoza kwa sauti yangu, na hawajui. Wao wanadhani wanamwiga Rubani, yule staringi wa filamu za ndege, anayenong'ona "Tulia, nipo" huku bawa linawaka moto. Rubani mwenyewe ni Mzungu, na sidhani ametamka neno la Kiswahili maishani mwake. Aliyekuwa akinong'ona ni mimi, Kadzo, nyuma ya pazia, leso kiunoni, kikapu cha karanga katikati ya miguu.

Nimestaafu juzi tu. Mercy, ambaye sasa ndiye anayeendesha duka letu la kutia filamu sauti ya Kiswahili, ameniletea daftari. "Auntie, andika vile kazi ilikuwa. Hawa wasee wapya wanadhani ilianza na laptop." Haya, naandika. Vyeo sitavitaja kwa kuwa havikuwapo: kulikuwa na mwenye sauti na kulikuwa na watazamaji, basi. Mshahara nao tuuruke, nisije nikamvunja moyo mtu anayeanza.

Kazi ilianzia sebuleni kwa Charo. Charo alikuwa kuli wa bandarini Kipevu, mtu mpana, mpole, mwenye haya kuliko msichana wa komunio. Alikuwa na televisheni, deki ya kanda na mabenchi sita, na Jumamosi na Jumapili alasiri sebule yake iligeuka ukumbi wa video. Mimi nilikuwa nauza karanga mlangoni. Mwenye sauti siku hizo alikuwa Mzee Tsuma, karani wa kuhesabu magunia hukohuko Kipevu, ambaye Kiingereza chake alikiokota kwa mabaharia na kingine hakikuwa cha kusemwa mbele ya padri. Aliketi nyuma ya pazia la maua, akapunguza sauti ya filamu, akashika maikrofoni na kusema maneno ya watu wote peke yake: staringi, adui, mwanamke, hata mbwa.

Jumapili moja Tsuma akaja shavu limefura kwa jino, mdomo haufunguki. Watu walikwisha kujaa. Kanda ilikuwa mpya, ya kwanza kabisa ya Rubani, na Charo alikwisha kuitangaza mtaa mzima. Tsuma akaniangalia pale mlangoni. Alijua kwamba kanisani nilikuwa naimba besi, kwa sababu wanaume wa kwaya yetu walikuwa wavivu wa kuhudhuria mazoezi.

"Kiingereza unacho?" akaniuliza kwa meno yaliyoumana.

"Cha kidato cha pili."

"Kinatosha. Huyo Rubani chake ni cha kidato cha kwanza."

Akaniketisha, akanipa somo ambalo nanyi nawapa bure. Usitafsiri mdomo, akasema, tafsiri uso. Mtu akikasirika, kasirika. Akilia, lia. Na usinyamaze hata kidogo, kwa sababu ukinyamaza watazamaji watakumbuka kwamba hawaelewi kitu, na hapo wataanza kuzungumza wao.

Vifaa vyenyewe vilikuwa hivi. Maikrofoni moja iliyovalishwa soksi ya mtoto mchanga ili isiteme mate kwenye spika. Mkebe mtupu wa maziwa ya unga, wa kusemea maneno ya adui. Ukiingiza mdomo mkebeni hata salamu inakuwa ya kutisha. Pamba na spiriti ya kupangusia kichwa cha deki picha ikianza kunyesha mistari. Chupa ya maji ya tangawizi. Kisha kulikuwa na ndege za kweli. Uwanja wa ndege uko pale juu tu, na ndege ikipita sisi wote tulisubiri, staringi na adui pamoja, mpaka ipite. Nyinyi leo mnabonyeza kitufe kelele zinafutika. Sisi tulikuwa tunasema, "Hiyo ndiyo ndege yake inakuja," na watu wanaridhika.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana ndilo lililonifanya nikubali daftari hili.

Siku ileile ya kwanza, mke wa Charo alikuwa amejifungua, na mamake alikuwa ametoka Kaloleni kuja kumwangalia. Jina lake Dama. Sisi leo tunamwita Hawe Dama, yaani Nyanya Dama. Chumba cha nyuma kilikuwa na joto la kuokea mkate, na mama yule akatoka na kigoda chake akaketi kwenye mlango wa sebule, ubavu kwetu, uso nje, kama mtu anayepunga upepo tu. Kwetu Wagiriama mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja hivi hivi. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Charo alipomwona aliganda pale kwenye benchi la mbele, na kwa saa nzima hakugeuza shingo.

Tsuma alikuwa na desturi ya kuitazama kila kanda mara moja peke yake, bila sauti, kabla ya kuionyesha. Basi ikafika mahali ndege imeanguka msituni, Rubani ametambaa kutoka kwenye moshi, na yule mwanamke mwenye nywele nyekundu anamkimbilia. Tsuma akanifinya mkono. Akaunganisha ncha za vidole vyake viwili, kisha akaelekeza kidole mlangoni alikoketi mama mkwe. Nikaelewa. Busu linakuja, na si busu la kupita njia.

Siku nyingine Charo mwenyewe alikuwa anainuka na kufunika kioo kwa leso mpaka mambo yapite. Siku ile hakuweza. Akiinuka, mkwewe atajua kwamba anajua kinachokuja, na atajua kwamba nyumbani kwake ndimo yanamotazamwa. Nilimwona kwenye tundu la pazia: jasho linamtiririka mgongoni, shati limegandamana. Nilimhurumia sana. Ulimi wangu ukatoka mbio kabla yangu.

"Dada yangu!" nikasema kwa sauti ya Rubani. "Kumbe ni wewe, dada yangu tuliyepoteana tangu utotoni!"

Sebule nzima ikaguna kwa huruma. Lakini wale wawili hawakukumbatiana wakaachana, la. Walishikana, na nyuso zikasogea, na mimi nikawa bado nina midomo miwili ya kuieleza.

"Kaka kavuta moshi," nikasema, sauti ya mwanamke sasa. "Kifua kimembana. Ngoja nimpe pumzi."

Alimpa pumzi kwa muda mrefu. Hakuna aliyecheka. Kisha kutoka mlangoni nikasikia sauti ya mama mkwe, taratibu, kama anajisemea: "Maskini. Ana pumu huyo."

Basi Rubani akawa na pumu, na yule mwanamke akawa dada yake, na Charo akaegemea ukuta akapumua.

Wenzangu, uongo wa filamu una miguu mirefu. Mngeniambia siku ile kwamba Rubani atarudi, ningefikiri upya. Alirudi. Sehemu ya pili wale wawili wakagombana kwa sababu ya mwanamke mwingine, sahani zikavunjwa. Nilisema dada amekasirika kwa kuwa kaka hajaenda kumwona mama yao mgonjwa, na watazamaji wote wakawa upande wa dada. Sehemu ya tatu wakalala hema moja. Hema lile nililigeuza matanga ya baba yao, na kwenye matanga ndugu hulala popote. Sehemu ya nne, namshukuru Mungu, mwanamke aliondoka kwa gari la moshi analia, nikasema anakwenda kuolewa mbali. Kila sehemu Rubani alibanwa na kifua mara mbili au tatu. Kijana mmoja wa Mikindani alikwenda kuitazama ng'ambo ya daraja, kwenye sinema ya mjini, akarudi na kusema kwa kinyozi kwamba yule ni mpenziwe. Walikaribia kumtoa nje amenyolewa nusu. Walimwambia hana adabu.

Nami nilikuwa naona kitu kingine kwenye tundu la pazia. Sehemu ya kwanza mama mkwe alikuwa mlangoni, uso nje. Sehemu ya pili kigoda kilikuwa ndani. Ya tatu alikuwa benchi la nyuma, na Charo akasogea la katikati. Ya nne walikuwa benchi moja, yeye huku, Charo kule, bakuli la karanga zangu katikati yao, wakibishana kwa heshima kama staringi ataruka au atangoja. "Ataruka, mama." "Atangoja, mwanangu, ana pumu." Mkwe na mkwe, wanakula bakuli moja! Wazee wa Kaloleni wangesikia wangeitisha kikao.

Baada ya sehemu ya nne kukawa kimya. Miaka mingi. Kanda zikaondoka, zikaja sidii, zikaondoka, zikaja flashi. Tsuma alifariki, nami nikarithi mkebe. Ukumbi ukawa duka, pazia likawa chumba kidogo chenye magodoro ukutani, Mercy akaja na kompyuta yake. Nilisema filamu za Wachina, za Wahindi, za Wanigeria wanaosema Kiingereza wenyewe lakini wateja bado wananitaka. Rubani hakurudi. Lakini kila Krismasi Hawe Dama, ambaye aliishia kuhamia kwa bintiye moja kwa moja, alikuwa ananitumia salamu: je, dada alipata mume mwema? Nami namjibu, alipata, Hawe, ana duka.

Mwaka jana Charo akaugua. Nilikwenda kumwona hospitalini, mwili umekwisha, lakini haya yake ilikuwa yote. Akanishika mkono.

"Kadzo, mimi sehemu ya kwanza niliitazama baadaye na sauti yake. Najua yule si dada."

"Najua unajua," nikasema.

"Mama asijue. Nimekaa naye benchi moja miaka yote hii. Akijua tulikuwa tunatazama nini, nitakuwa nimemvunjia heshima hata nikiwa kaburini. Niahidi."

Nikamwahidi. Siku ya nne akafa. Nililia kwa sauti yangu mwenyewe, na mtu mmoja matangani akageuka kutafuta ni mwanamume gani huyo.

Basi nimestaafu Ijumaa. Sauti imeanza kukatika katikati ya sentensi, na mapambano ya zaidi ya dakika tano yananiachia kikohozi. Jumanne Mercy akaja kwangu anapepea simu. "Auntie! Rubani amerudi! Sehemu ya tano, wameachilia trela!" Trela ni kile kipande kifupi wanachotanguliza ili watu wakae roho juu mpaka filamu itoke.

Tukaitazama. Jamani, Rubani amezeeka. Amezeeka hasa. Katika filamu nne kaangusha ndege saba na bado kuna mtu amempa nyingine, na sasa anapanda ngazi yake kwa kushika goti. Anapokimbia wanaonyesha uso tu. Anaporuka wanaonyesha mgongo tu, na kisogo kile ni cha kijana wa miaka thelathini. Siku zote tulisema staringi hafi, ndiyo sheria ya kwanza ya sebule ya Charo, lakini nilipomwona akivaa miwani ili asome ramani nilishika kifua. Mercy alikwisha kumjaribu kijana mmoja wa sauti nzito aseme maneno yake. Alisikika kama anatangaza sabuni. "Ni wewe tu, Auntie," akasema. "Sauti yako imechoka vile yeye amechoka." Nikachukua hilo kama sifa.

Lakini mwisho wa trela anatokea yule mwanamke, nywele zimekuwa nyeupe. Na nyuma yake anatokea kijana mrefu. Kijana anamwita mwanamke mama. Kisha anamgeukia Rubani, na kwa Kiingereza ambacho hata cha kidato cha pili kinatosha, anamwita baba.

Nikamwambia Mercy arudishe. Akarudisha. Bado ni baba.

"Si useme tu ukweli?" Mercy akasema. "Ni bibi yake. Watu wote wenye simu wanajua."

Wenye simu, sawa. Lakini mimi nilikuwa nafikiri habari ya mtu mmoja asiye na simu, ambaye macho yake yamefunga ukungu na hupata filamu kwa masikio tu. Nikisema ni mke, nimemvunjia Charo ahadi ya kitandani mwa mauti. Nikisema ni dada, kaka na dada wana mtoto, na hilo ni baya kuliko busu lolote. Sikupata usingizi wa mchana kwa siku tatu, na usingizi wa mchana ndio faida pekee ya kustaafu niliyokwisha kuiona.

Jumapili baada ya kanisa salamu zikaja. Hawe Dama amesikia mtaani kwamba Rubani anarudi. Niende na hicho kipande nikamsemee.

Nikaenda na Mercy. Nyumba ni ileile, sebule imekuwa sebule tena, benchi moja limebaki ukutani. Hawe alikuwa ameketi pale, mdogo, safi, kitambaa cheupe kichwani.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mwanangu. Rubani hajambo?"

"Hajambo. Magoti tu."

"Na kifua?"

"Kifua kipo palepale," nikasema, na Mercy akaangalia sakafu.

Mercy akashika simu, akazima sauti yake, nami nikaanza. Nilisema ndege inavyowaka, nilisema adui bila mkebe, nilisema miwani na ramani. Hawe alikuwa anatikisa kichwa polepole. Mwanamke akatokea. "Dada yangu," nikasema, sauti ikakatika. "Umezeeka, dada." Kijana akatokea. Nikavuta pumzi na kutoa mpango niliokaa nao siku tatu. Mtoto wa dada anamwitaje kaka wa mama? "Mjomba!" nikasema kwa sauti ya kijana. "Mjomba wangu!"

Hawe akaendelea kutikisa kichwa. Nikadhani nimevuka.

"Mpwa wake, eti?" Hawe akasema. "Wewe binti wa simu, mwenye macho. Hebu niambie, pua ya huyo kijana ikoje?"

Mercy ni msichana mkweli, ndiyo kasoro yake. "Ni ya Rubani yenyewe, Hawe. Copy."

"Kadzo," Hawe akasema, "zima hiyo."

Ikazimwa. Mimi mwanamke mzima, mstaafu, niliketi pale kama mtoto aliyekutwa kwenye mtungi wa sukari.

"Mimi nimezaa watoto tisa," Hawe akasema. "Wewe ukadhani sijui kutenganisha pumzi na busu?"

"Ulikuwa umegeuza uso nje, Hawe," nikasema.

"Siku ile nilikuwa nimegeuka nje, lakini kioo cha dirisha lililo wazi kilikuwa mbele yangu, na filamu inaonekana humo. Niliona yote. Nikamwona na mkwe wangu anavyotota jasho. Ukasema ni dada, nikasema moyoni, huyu msichana ana akili. Ukasema pumzi, nikaona unazama, nikakurushia pumu."

"Miaka yote hiyo, Hawe? Na salamu za Krismasi?"

"Nilikuwa nataka kusikia utasema nini." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ningesema najua, Charo asingekaa nami tena. Angekaa nje ya nyumba yake mwenyewe mpaka filamu iishe. Mimi wanangu wa kiume wote wako mbali. Nani mwingine angekula karanga na mimi?"

Nikamwambia ahadi ya hospitalini, neno kwa neno. Sikuona sababu ya kuificha tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa macho kwa upindo wa leso.

"Ulimwahidi usiniambie," akasema. "Hukuniambia. Mimi ndiye nimekwambia wewe."

"Sasa nifanyeje, filamu ikitoka?"

"Waozeshe. Sema walikuwa mke na mume tangu mwanzo, na walificha kwa sababu ya adui. Na mahari useme alilipa, mbuzi na pombe ya mnazi, mbele ya watu. Sitaki mtoto yule asemwe vibaya Mikindani."

Mercy alikuwa anaandika kwenye simu. Kazi yetu ndivyo ilivyo, wenzangu. Wakati mwingine mtazamaji ndiye anayekupa maneno, nawe huna budi kuyashika. Nikamuuliza Hawe kama angependa Mercy arudishe kile kipande, nikiseme upya, safari hii na mke na mtoto wake.

Akanyoosha mkono, akapapasa benchi upande wake wa kulia, pale panapobaki nafasi ya mtu mpana.

"Sema," akasema. "Lakini Charo angekuwapo hapa, huyo kijana angekuwa mpwa, na mimi ningeamini."